Punda Mwenye Miguu Iliyosimama: Namna ya Kumtunza Asichechemee

Mazungumzo yaliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wenye punda na wabeba mizigo, Kaunti ya Lamu. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawatapata nafasi ya kufika barazani.



Kila mtu hapa anaijua methali isemayo shukrani ya punda ni mateke. Lakini mwenye kuishi na punda anajua jambo jingine: kabla ya mateke, punda huvumilia. Huvumilia mzigo, jua na maumivu, na siku anapoonekana kuchechemea huwa ameumwa wiki nyingi. Mazungumzo ya leo yanahusu punda wa aina moja ambaye uvumilivu huo humponza kuliko wenzake, naye ni punda mwenye miguu iliyosimama wima.

Jambo hili si dogo kwa kaunti yetu. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia. Mchanga, mawe, saruji, boriti na maji hufika milangoni kwa mgongo wa punda. Tena punda hawapatikani kwa urahisi kama zamani. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda takriban milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Biashara ya ngozi ilichangia sana upungufu huo, hata viongozi wa Umoja wa Afrika, Februari 2024, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kwa hiyo punda akilemaa leo, kumpata wa kuchukua nafasi yake ni kazi na ni gharama. Kumtunza aliyepo ni nafuu zaidi.

Mguu uliosimama ni upi?

Mtazame punda kwa ubavuni, akiwa amesimama mahali pagumu palipo sawa. Kati ya kifundo cha mguu na ukwato kuna sehemu fupi iliyolala kidogo kuelekea mbele. Katika mazungumzo haya sehemu hiyo itaitwa shingo ya ukwato. Ndani yake mna mifupa miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na wa tatu umefichika ndani ya ukwato wenyewe.

Shingo hiyo hufanya kazi ya springi. Mguu unapokanyaga, kifundo hushuka, kano za nyuma hunyooka, na kishindo cha ardhi hupungua kabla ya kupanda juu. Shingo iliyolala vizuri hushuka vizuri. Shingo fupi iliyosimama wima haina mahali pa kushukia, kwa hiyo kishindo hupanda moja kwa moja kwenye mifupa na maungio. Punda wa namna hiyo hutembea kwa hatua fupi, za kugonga, na aliyempanda huhisi mtikisiko mgongoni mwake.

Hapa pana tahadhari. Punda si farasi. Kwa maumbile, ukwato na shingo yake husimama zaidi kuliko vya farasi kwa takriban nyuzi 5 hadi 10. Mtu aliyejifunza kwa farasi wa ufuoni anaweza kumwona punda mzima akadhani ana kasoro, akaanza kukata visigino ili amlaze kama farasi. Huko ni kumharibu. Punda wa kutiliwa shaka ni yule aliyesimama kuliko punda wenzake.

Kijiti kimoja, majibu matatu

Chukua kijiti kilichonyooka. Kiweke kando ya mguu wa mbele, kikifuata uso wa mbele wa shingo, kisha uone kama uso wa ukwato unafuata mstari uleule. Majibu ni matatu.

La kwanza, mstari umenyooka kutoka shingoni hadi ncha ya ukwato, ingawa wote umesimama. Huyo ndivyo alivyoumbwa. Mifupa yake imekaa hivyo, na hakuna kisu wala tupa itakayoilaza. Kazi ya mwenye punda ni kumpangia maisha yanayolingana na miguu yake.

La pili, mstari umevunjika kwa mbele: shingo imelala kiasi, lakini ukwato umesimama kuliko shingo. Mara nyingi hapo visigino vimeachwa vikakua kupita kiasi. Huyu anaweza kurekebishwa kwa kukatwa kwato, ila kwa awamu. Lakini ikiwa ni mguu mmoja tu uliosimama na mwenzake uko sawa, au ni mtoto wa punda ambaye visigino vyake havigusi chini, tatizo laweza kuwa katika kano, na anayefaa kumtazama ni daktari wa mifugo. Kwa mtoto, kila wiki inayopita hupunguza nafasi ya kumsaidia.

La tatu, mstari umevunjika kwa nyuma: ncha ya ukwato imekuwa ndefu na visigino vimelala. Huyo hana mguu uliosimama. Tatizo lake ni kinyume, na dawa yake ni kupunguza ncha.

Kosa linalolemaza punda wengi ni kulitibu jibu la kwanza kana kwamba ni la pili. Mtu huona mguu umesimama, huchukua kisu, na kwa siku moja huondoa visigino vyote ili mguu ulale. Mifupa hubaki ilivyokuwa, lakini kano inayopita nyuma ya mguu hadi chini ya mfupa wa ukwato huvutwa ghafla. Punda aliyekuwa akitembea vizuri jana, leo hataki kuweka mguu chini.

Kukata kwato

Kwato za punda zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Punda anayetembea sana kwenye mawe huzisaga mwenyewe, lakini husagika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo bado anahitaji kutazamwa. Kwa punda mwenye miguu iliyosimama, usipitishe muda huo. Kisigino kikikua, mguu huzidi kusimama, na punda huyu hana nafasi ya kuzidi.

Mkata kwato aombwe mambo matatu. Kwanza, afuate mstari wa shingo ya punda huyo, asifuate picha ya mguu wa punda mwingine. Pili, asawazishe upande wa ndani na wa nje, kwa sababu mguu usio na springi hauwezi kusamehe ukwato uliopinda. Tatu, kama visigino vimezidi, avipunguze kidogo kidogo kwa awamu kadhaa. Ukwato hukua milimita chache tu kwa mwezi, na huchukua karibu mwaka mzima ukuta mpya kushuka kutoka juu hadi chini. Haraka haraka haina baraka.

Kati ya awamu hizo, kazi ni ya mwenye punda. Inua kila mguu kila siku, toa mawe na samadi, na utazame chini ya ukwato. Nyama ngumu yenye umbo la pembetatu iliyo katikati iachwe iguse ardhi. Nayo husaidia kupunguza kishindo, na haifai kuchongwa ili ipendeze. Wayo pia usichongwe hadi ukawa mwembamba, kwa maana ukuta na wayo ndio kinga iliyobaki kati ya jiwe na mfupa.

Ardhi anayokanyaga

Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na ukwato wake uliumbwa kwa ukavu. Zizi lenye matope na mkojo hulainisha ukwato, huoza, na jipu huingia kwa urahisi. Mpe punda mahali pakavu pa kulala, penye mchanga au majani makavu ya kutosha kumlaza bila kuumiza viwiko. Punda anayelala vizuri hupumzisha maungio yake. Punda anayesimama usiku kucha juu ya sakafu ngumu huanza kazi asubuhi akiwa amechoka.

Kwa kazi, ardhi za hapa kwetu ni za aina tatu. Njia za mawe na saruji hugonga zaidi, na punda mwenye miguu iliyosimama hapaswi kukimbizwa juu yake hata kidogo. Mchanga mlaini wa kina, kama ule wa vilima vya Shela, hupunguza kishindo lakini huchosha kano, hasa akiwa na mzigo. Mchanga uliobanwa na maji wakati wa maji kupwa ndio bora kuliko zote: ni mgumu kiasi cha kushikilia, na ni laini kiasi cha kutogonga. Mwenye punda wa namna hii anayeweza kupanga safari zake zipite ufuoni maji yakiwa yametoka, basi na apange hivyo.

Asubuhi, muanze kwa mwendo wa taratibu bila mzigo kwa dakika 10 au 15, maungio yapate joto. Jioni, dakika 15 hadi 20 ndani ya maji ya bahari hupoza miguu. Baada ya hapo mpeleke mahali pakavu, kwato zikauke.

Mzigo

Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu mzigo ndio riziki. Lakini hesabu ni vizuri ijulikane. Wataalamu wengi hushauri punda asibebeshwe zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150 basi hubeba kilo 50, ambazo ni mfuko mmoja wa saruji. Mifuko miwili ni kilo 100, yaani thuluthi mbili za mwili wake, juu ya njia ya mawe, mara kadhaa kwa siku.

Punda mwenye miguu mizuri anayebebeshwa hivyo huchakaa mapema. Punda mwenye miguu iliyosimama huchakaa mapema zaidi, na uchakavu wake una majina: kifundo kinachovimba, mfupa unaoota juu kidogo ya ukwato na kuonekana kama pete ngumu, na maungio yanayokauka. Mfupa ukishaota haurudi. Daktari anaweza kupunguza maumivu, lakini hawezi kuurudisha mguu ulivyokuwa.

Kwa punda huyo, mzigo na uwe chini ya thuluthi. Mchanga, kokoto na maji ni mizigo inayogawika, na safari moja zaidi yenye mzigo mwepesi ni afadhali kuliko safari chache zenye mzigo wa kupita kiasi. Shogi zisawazishwe pande mbili, na uzito ukae katikati ya mgongo. Miguu ya mbele tayari hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mnyama. Mzigo ukisukumwa mbele karibu na mabega, au punda akiteremshwa ngazi na miteremko akiwa amejaa, sehemu hiyo huongezeka, na ndiyo miguu inayolemaa kwanza. Kwenye ngazi za gati, inafaa mzigo upakiwe akiwa amekwisha kufika juu.

Na kuna mbio. Mashindano ya punda wakati wa Maulidi na Tamasha la Utamaduni wa Lamu ni fahari ya kila mtaa, na hakuna anayetaka yaishe. Lakini kijana anayemjua punda wake kuwa na miguu iliyosimama, amwache nyumbani. Furaha ya mbio ni ya dakika chache, na mguu ukiharibika, nyumba nzima hukosa mbebaji kwa miezi.

Chakula na unene

Punda aliumbwa kuishi kwa majani makavu yenye nguvu ndogo. Pumba, mahindi na mabaki ya wali vikizidi hummwonekano wake hunona, na kila kilo ya mafuta ni mzigo asioshushiwa usiku. Tazama shingo yake: ikiwa ukingo wa juu umekuwa mnene na mgumu, amepita kiasi. Punda mnono pia yumo hatarini kupata uvimbe wa ndani ya kwato, ugonjwa ambao madaktari wa mifugo huuita laminaitisi na ambao huumiza kupita maelezo. Hata hivyo, punda mnono asinyimwe chakula ghafla, maana kukaa na njaa huweza kumletea maradhi mengine ya hatari. Apunguziwe nafaka polepole, apewe nyasi kavu, na maji safi yasikosekane.

Dalili za mapema

Kwa kuwa punda huficha maumivu, usingoje achecheme. Tazama mambo haya kila asubuhi:

- Hatua zimefupika kuliko wiki iliyopita, hasa kwenye mawe au anapogeuzwa kwa ghafla.
- Anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, au anatanguliza mguu mmoja mbele akiwa amesimama.
- Analala muda mrefu kuliko kawaida, au anakawia kunyanyuka.
- Ukwato mmoja una joto kuliko mwenzake unapoushika.
- Mshipa unaopita nyuma ya kifundo, upande wa ndani na wa nje, unapiga kwa nguvu. Katika mguu mzima mpigo huo hupatikana kwa tabu.
- Amepoteza hamu ya kula, au amejitenga na mwenzake.

Ukiona mojawapo, mshushe mzigo siku hiyohiyo. Safisha ukwato na utafute jiwe, msumari au jipu. Mpumzishe mahali pakavu na laini, umwite afisa wa mifugo. Usimpe dawa za binadamu za maumivu. Usimchome kwa moto. Kuchoma mguu huongeza jeraha na hakugusi ugonjwa ulio ndani. Na akipewa dawa ya maumivu na daktari, asirudishwe kazini kwa sababu tu anatembea vizuri. Dawa imenyamazisha maumivu, haijaujenga mguu.

Kununua na kuzalisha

Mengi ya haya huzuilika siku ya kununua. Kabla ya kutoa fedha, omba punda atembezwe akija na akienda, juu ya mahali pagumu. Tazama miguu ya mbele kwa ubavuni. Uliza umri wake. Punda mchanga asitwishwe mizigo kabla ya kutimiza miaka 4, kwa kuwa mifupa yake bado inakomaa, na mwenye miguu iliyosimama akianzishwa kazi mapema hulemaa akiwa bado kijana.

Umbo la mguu hurithiwa. Dume mwenye nguvu lakini aliyesimama wima kupita wenzake atawapa watoto wake miguu hiyohiyo. Mwenye jike na achague dume kwa miguu pia, asitazame ukubwa wa kifua peke yake.

Haya yote hayana maana kwamba punda mwenye miguu iliyosimama hafai. Wengi wao hufanya kazi miaka mingi wakiwa wazima. Wanaofika huko ni wale ambao wenyewe walijua mapema, wakapunguza mzigo, wakakata kwato kwa wakati, wakachagua njia.

Sheria na huduma

Mwisho, ifahamike kuwa kumbebesha punda kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au amejeruhiwa, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Anayemtuma punda kazini anabeba jukumu hilo pamoja na mwenye punda.

Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mkaazi mwenye punda anayetiliwa shaka amwone afisa wa mifugo wa wadi yake. Shirika la The Donkey Sanctuary nalo lilianza kuwahudumia punda wa Lamu mwaka 1987. Anayetaka kukatiwa kwato asingoje punda achecheme ndipo aje.

Kesho asubuhi, kabla ya shogi kuwekwa mgongoni, kila mwenye punda na achukue kijiti chake, asimame ubavuni, atazame mstari. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mguu.